Kulisafisha gari lako mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametokana na majirani, ndugu na wafanyakazi wenzangu ambao, kila wanaponikuta Jumamosi asubuhi nimechutama mbele ya rimu nikiwa na mswaki mkononi, huuliza mambo yaleyale. Majibu yanahusu zaidi magari ya mitumba kutoka Japani yanayotumika Dar es Salaam na maeneo mengine ya pwani, ambako jua, chumvi ya bahari, vumbi na kunguru hushirikiana kuiharibu rangi.

## Mambo ya msingi

Kuosha gari na kulisafisha kwa kina kunatofautiana vipi?

Kuosha ni kuondoa uchafu ambao haujashikamana na gari. Kusafisha kwa kina, kazi ambayo wenye maduka ya vifaa huiita diteilingi, ni kuondoa hata kile kilichojishikiza kwenye rangi, vioo, plastiki na vitambaa, kurekebisha mikwaruzo midogo pale inapowezekana, na mwisho kuiwekea rangi kinga. Kuosha kwa uangalifu huchukua saa moja na nusu hivi, ilhali kusafisha kwa kina kunaweza kula siku mbili nzima, na mgongo utakukumbusha hilo siku ya tatu.

Kwa nini nijichoshe wakati kuna vijana wanaoosha kwa shilingi elfu chache?

Kama unataka gari safi tu, wapelekee, kwa kuwa hakuna aibu yoyote katika hilo. Tatizo la sehemu nyingi za kuoshea ni kwamba dodoki moja hupita kwenye rimu za daladala, kisha kwenye boneti lako, likiwa limebeba mchanga wa magari yote yaliyotangulia. Kijana anayelipwa kwa idadi ya magari hana sababu ya kusuuza dodoki kila baada ya mlango mmoja.

Sababu ya pili ni ya raha zaidi kuliko hesabu. Anayelisafisha gari lake mwenyewe hulijua kwa vidole: huona tairi linaloliwa upande mmoja, huona tone la mafuta kabla halijawa dimbwi, na hugundua kutu ingali ndogo kama punje ya mtama. Mimi niligundua kupasuka kwa mpira wa ekseli kwa sababu nilikuwa nikishangaa grisi inatoka wapi kwenye rimu niliyoiosha wiki iliyotangulia.

Ninahitaji vifaa gani vya kuanzia?

Unahitaji ndoo mbili za lita 20, glavu laini ya kuoshea, shampuu ya gari, brashi moja ya rimu ambayo haitagusa rangi kamwe, taulo mbili kubwa za maikrofaiba za kukaushia na vitambaa sita hivi vidogo vya maikrofaiba. Mashine ya presha ni nzuri ukiwa nayo, lakini si ya lazima. Usinunue sanduku lenye chupa kumi na mbili kwa mara moja. Nusu yake itakauka kabatini, na utaanza kutafuta sababu ya kuitumia mahali ambapo gari halikuihitaji.

Kuna ubaya gani kutumia sabuni ya unga au sabuni ya kuoshea vyombo?

Sabuni hizi zimetengenezwa kukata mafuta, na nta inayoilinda rangi yako ni aina ya mafuta. Sabuni ya unga ina ubaya wa ziada: ni kali, na chembe ambazo hazijayeyuka hufanya kazi ya msasa mwembamba. Ipo siku moja tu ambapo sabuni ya vyombo inafaa, nayo ni pale unapotaka kuondoa nta ya zamani kabla ya kupiga polishi.

## Kuosha

Nianzie wapi na niishie wapi?

Anza na rimu na matairi, kwa sababu ndiyo machafu kuliko sehemu zote, na maji yake yakiruka yataangukia rangi ambayo bado haijaoshwa. Kisha limwagie gari zima maji mengi kutoka paani kwenda chini, uliache dakika chache ili tope lilainike, ulimwagie tena. Hatua hii, ambayo watu wengi huiruka, ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya mchanga bila kuugusa.

Baada ya hapo ndipo glavu inapoingia. Ndoo moja iwe na shampuu, nyingine iwe na maji matupu. Chovya kwenye shampuu, osha kipande kimoja kwa mistari iliyonyooka, suuza glavu kwenye maji matupu mpaka mchanga uanguke chini ya ndoo, ndipo urudi kwenye shampuu. Paa hutangulia, hufuata vioo, boneti, sehemu za juu za milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa ya nyuma. Ukimaliza, chungulia ndani ya ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaouona chini ungekuwa umetembezwa kwenye boneti lako.

Kausha kwa kulaza taulo juu ya rangi na kulivuta taratibu bila kukandamiza. Fungua milango, boneti na buti, ufute kingo zake, kwa kuwa maji yanayobaki huko ndiyo yatakayochuruzika dakika kumi baadaye wakati umeshajipongeza.

Je, ninaweza kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi?

Hapana. Najua walinzi wengi wa maegesho hufanya hivyo kwa moyo mwema, na wengine hutarajia asante, lakini vumbi la barabara zetu lina punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Kufuta kukavu ni kukwaruza kwa utaratibu. Mwombe mlinzi akulindie gari tu, na hiyo asante umpe vilevile.

Maji ninayoyapata ni ya kisima na yana chumvi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wa Kigamboni, na ndilo lililonifanya nikaribie kuacha kazi hii kabisa. Maji hayo yakikaukia kwenye rangi, maji ndiyo yanayoondoka, ilhali kalisiamu, magnesiamu na chumvi hubaki vikiwa madoa meupe ya mviringo. Juani, doa hujishikiza kwa dakika chache tu.

Tumia maji ya kisima kwenye rimu, chini ya gari na kwenye mmwagio wa kwanza. Kwa mmwagio wa mwisho, tafuta ndoo moja tu ya maji ya bomba au ya mvua. Mimi hukinga ya masika kwenye tangi dogo na kuyatumia kwa ubahili hadi yaishe. Mimina polepole bila kurusha, maji yateremke kama shuka, kisha kausha papo hapo. Ikiwa huna kabisa maji yasiyo na chumvi, osha na kukausha upande mmoja kabla ya kuugusa mwingine.

Madoa yaliyokwisha kujishikiza huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Paka kwa kitambaa kwenye rangi isiyo na joto, subiri dakika moja, halafu suuza vizuri. Yakigoma, yameshaila klia, yaani tabaka la juu la rangi, nawe itabidi uhamie kwenye polishi, ambayo nimeieleza katika sehemu ya rangi.

Kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe vinatoka vipi?

Kinyesi cha ndege kina tindikali, lakini ubaya wake mkubwa hutokana na joto. Mchana rangi hulainika na kutanuka. Jioni hupoa na kujikaza kuzunguka kile kinyesi kilichokauka, na hapo hubaki alama kama kovu. Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Loweka kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika tano hadi kumi, kisha kiinue pamoja na uchafu bila kusugua.

Utomvu hausikii maji. Dondoshea spiriti kwenye kitambaa, ushikilie juu ya doa mpaka lilainike, ufute, halafu uoshe kwa shampuu. Matone ya lami hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwa njia hiyohiyo. Vyote hivi huondoa na nta, kwa hiyo paka upya mahali hapo. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa dereva na kibaya kwa gari, hasa msimu wa maua, na usiku popo humalizia kilichoachwa na kunguru.

Saa gani ni nzuri ya kuosha?

Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, gari likiwa kivulini na boneti likiwa halina joto la kuunguza kiganja.

## Rangi

Mistari myembamba kama utando wa buibui inayoonekana juani ni nini?

Ni mikwaruzo midogo mno ya klia, yaani lile tabaka lisilo na rangi ambalo fundi rangi hupuliza mwisho. Imetokana na madodoki yenye mchanga na vitambaa vikavu. Iko kwenye kila gari lililotumika. Kwenye gari jeusi huonekana hata kwa mwanga wa taa ya sebuleni, ilhali kwenye la fedha unaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuijua. Anayenunua gari jeusi hapa kwetu kwa sababu linapendeza yuko sahihi, ila atapendezwa nalo kwa takriban dakika arobaini baada ya kila kuosha.

Kompaundi, polishi na nta ni kitu kimoja?

La, na mkanganyiko huu huwapotezea watu fedha nyingi. Kompaundi ni dawa yenye chembe zinazokwangua. Hupunguza klia mpaka mkwaruzo upotee. Polishi nayo hukwangua, ila kwa chembe laini zaidi, na kazi yake ni kurudisha mng'ao. Nta haikwangui chochote. Hukaa juu ya rangi na kuikinga. Ukipaka nta juu ya mikwaruzo, utakuwa umeikinga mikwaruzo.

Nta ya asili inayosifiwa zaidi hutoka kwenye majani ya mkarnauba, mti wa jamii moja na minazi na mivumo unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inapendeza sana, lakini kwa jua la pwani usitarajie ikae zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Kinga za kutengenezwa kiwandani hudumu zaidi, ingawa mng'ao wake, kwa jicho langu, ni wa kioo zaidi kuliko wa kina.

Kabla ya polishi, ule udongo wa kusafishia rangi una kazi gani?

Baada ya kuosha, tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na uupitishe juu ya boneti. Ukihisi vijichembe kama mchele, hivyo ni vumbi la chuma la breki, lami na uchafu mwingine uliojichomeka kwenye klia. Udongo huo laini, unaofinyangika kama ule wa kuchezea watoto, ukipitishwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya shampuu, huving'oa. Ukiudondosha chini, utupe, usijaribu kuuosha. Huacha alama hafifu, ndiyo maana polishi hufuata baada yake.

Je, nitumie mashine ya kupigia polishi?

Kwa mikono unaweza kuboresha rangi. Kuirekebisha hasa kunahitaji mashine. Swali ni mashine gani. Ile inayozunguka tu, ambayo utaiona kwa fundi rangi, hukata haraka na huzalisha joto mahali pamoja. Ile inayozunguka huku ikiyumba kwenye duara dogo ni ya polepole, na ndiyo inayomfaa anayejifunza.

Kumbuka unene wa kitu unachokichezea. Klia ya kiwandani mara nyingi ina kati ya mikroni 35 na 50, yaani takriban nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia, na kila unapopiga kompaundi unapunguza sehemu yake ambayo haitarudi. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi huwa nyembamba zaidi. Mimi nilijifunza hilo kwa mashine ya kuazima, kwenye ukingo wa boneti la rangi ya bluu: nilisita kwa sekunde chache ili nitazame kazi yangu inavyopendeza, nilipoinua mkono nikakuta duara la kijivu la ukubwa wa sarafu. Gharama ya kupuliza boneti upya ingeninunulia mashine mbili. Tangu siku hiyo huziba kingo zote kwa utepe wa fundi rangi, hujaribia kipande kidogo kilichojificha, na hutumia dawa laini kabla ya kufikiria kali.

Mkwaruzo upi hauwezi kutoka?

Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umepenya chini kuliko unavyoweza kukwangua kwa usalama. Ulainishe kingo zake kidogo, upake rangi ya kugusia, na ukubali.

Seramiki inafaa fedha zake?

Inafaa kwa mtu atakayeendelea kuosha vizuri. Ni kinga yenye asili ya silika inayoshikamana na klia na kuweza kudumu miaka, ikifanya maji na tope viteleze. Haizuii mikwaruzo ya funguo wala mawe. Hufungia chini yake chochote inachokikuta, kwa hiyo gari lenye utando wa buibui litabaki nao ukiwa umehifadhiwa vizuri. Ukiipaka mwenyewe kwenye joto letu, fanya kivulini, kipande kidogo kwa wakati mmoja, kwani ikigandia kabla hujaifuta itakulazimu kuiondoa kwa polishi.

Taa zimekuwa za manjano. Dawa ya meno inasaidia?

Inasaidia kwa wiki chache, kwa sababu nayo ni aina ya polishi hafifu. Taa za magari ya sasa ni za plastiki ya polikaboneti yenye tabaka la kuzuia miale ya jua. Tabaka hilo likichakaa, plastiki hubadilika. Kazi kamili ni kuziba bodi kwa utepe, kusugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi. Ukiishia hapo, taa zitang'aa vizuri na kurudia manjano baada ya miezi michache. Lazima upulize klia yenye kinga ya jua. Kati ya kazi zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo inayokupa furaha kubwa kwa jasho dogo, na utaiona hata barabarani usiku.

## Ndani

Nioshe viti vya kitambaa kwa maji mengi?

Usifanye hivyo. Sponji iliyo ndani ya kiti ikilowa, unyevu wa pwani hautairuhusu ikauke, na baada ya siku mbili gari litanuka kama tambara la dekio. Fyonza vumbi kwanza, tumia povu badala ya maji, sugua kwa brashi laini, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Acha milango wazi mchana kutwa. Mikanda ivute yote nje, ioshe kwa sabuni laini, na iache ikauke kabla ya kuirudisha. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwani hudhoofisha nyuzi zinazopaswa kukushikilia siku ya ajali.

Nimesafisha kila kitu lakini kiyoyozi bado kinanuka.

Harufu hiyo hutoka kwenye sehemu ya ndani inayopoza hewa, ambako unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji kila siku na ukungu huota. Anza na chujio la hewa ya ndani, ambalo kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Wengi hawajui lipo, na nimewahi kutoa lenye majani yaliyoanguka katika nchi nyingine. Kisha jizoeze kuzima ubaridi dakika chache kabla ya kufika, ukiacha feni iendelee kukausha. Kapeti ya abiria wa mbele ikiwa na maji, mpira unaotoa maji ya kiyoyozi nje umeziba. Marashi ya kuning'iniza hayatibu lolote kati ya haya.

Dashibodi ing'ae?

Ni suala la ladha, ila ile dawa ya mafuta hunasa vumbi na kuakisi mwanga kwenye kioo cha mbele. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

## Hali za pekee

Gari limetoka bandarini wiki hii. Nianze na nini?

Chungulia chini kabla ya kuvutiwa na juu. Magari yaliyotumika katika sehemu za theluji za Japani hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na huja na kutu ambayo bodi inayong'aa haikuambii. Osha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango, na mwite fundi kwa kutu iliyopenya.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva unaweza kukuta kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili, chenye tarehe na kilomita. Usikibandue kabla ya kukilinganisha na kilomita za kwenye dashibodi. Vibandiko vingine hutoka kwa kupakwa mafuta ya kupikia na kuachwa dakika kumi na tano. Chini ya viti kuna uwezekano wa kukuta sarafu za yeni moja, nyepesi kama gamba la samaki. Mwanangu anazo nne.

Nikipiga polishi, kitambaa kinachukua rangi ya gari. Nimeharibu?

Ikiwa ni gari la kazi la zamani lililopulizwa rangi ya tabaka moja bila klia, hapana. Unaondoa rangi iliyopauka, na iliyo chini ni nzima. Ikiwa gari lina klia, acha mara moja, kwani umeshaipita. Nayo klia inayochubuka kama ngozi iliyoungua jua haitibiki kwa polishi wala nta; hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Gari limeingia maji ya mafuriko.

Usiliwashe wala usianze kulisafisha. Mwite fundi umeme kwanza, kwa sababu chini ya viti na kapeti hupita nyaya nyingi, zikiwamo za mifuko ya hewa. Usafi wa vitambaa hufuata baada ya viti na kapeti kutolewa nje, nao hufanywa kama nilivyoeleza katika sehemu ya ndani.

Nimetumia siku nzima, na mvua imenyesha jioni.

Tazama matone juu ya boneti. Yakiwa madogo, ya mviringo na yanayokimbia, kinga yako iko kazini, na kesho maji ya ndoo moja yatamaliza tope. Yakitandaa kama maji juu ya sakafu ya saruji, ulisahau nta au imekwisha.

Jirani ameona langu na anataka nimsafishie lake.

Lizungukie gari pamoja naye kabla ya kulilowesha, ukimwonyesha kila mkwaruzo na kupiga picha kwa simu, kwa kuwa tope huficha mengi ambayo usafi huyafichua, na mwenye gari ataapa hayakuwapo. Mwambie pia kwamba mashine utaitumia kwenye lake kwa hiari yake, na kwamba glavu na maji ya mvua ataleta yeye. Wa kwangu aliposikia habari ya maji ya mvua, alisema atarudi masika.